Uliza kwa Anti Somoe: Newala nayo iwe na makumbusho yake?

Mwezi huu barua za vitu vya kale zimekuja nyingi kuliko za ndoa, nikashangaa. Nimechagua chache, ya mwalimu wa Newala nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imebeba na za wengine ndani yake. Wa ndoa mnisubiri toleo lijalo, mmeshavumiliana miaka yote hiyo mwezi mmoja hautawaua.

Swali: Bi Somoe, shikamoo kama umenizidi umri. Mi ni mwalimu mstaafu, nakaa Luchingu hapa Newala. Mtoto wa dada yangu yuko Marekani jimbo la Colorado, juzi kanitumia mapicha ya makumbusho ya mji mdogo wa mlimani unaitwa Estes Park, mji wenyewe watu wanaenda kupumzika tu na kupigwa upepo wa baridi. Nikawaza, sisi huku juu tuna baridi, tuna ukungu, tuna Shimo la Mungu, lile bonde kubwa chini ya ukingo wa uwanda, kwa nini tusiwe na kitu kama hicho mgeni akija aone tulikotoka? Tumeongea wazee kadhaa na kuna chumba kimoja kilikuwa ghala dogo, mwenyewe yuko tayari kutuachia. Ila wenzangu wanasema tusubiri mfadhili tujenge jengo la maana kwanza. We unasemaje? — Mwalimu, Luchingu

Jibu: Mwalimu, shikamoo iende kwako, mi ndo wa kukuamkia.

Msisubiri jengo. Nalisema mapema ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umepata jibu, mengine yote ni kueleza kwa nini.

Tuanze na huo mji aliokutumia picha zake mtoto wa dada yako, maana una mambo. Estes Park iko juu karibu mita 2,290 na jina lake kubwa limetokana na hoteli. Mwaka 1903 alifika tajiri mmoja anaitwa F. O. Stanley, yeye na pacha wake ndo walikuwa wanatengeneza yale magari ya kwenda kwa mvuke, kafika anaumwa kifua kikuu, hali ya hewa ya mlimani ikamkubali akapata nguvu, basi akajenga hoteli kubwa ikafunguliwa 1909 na hoteli inataka taa, kwa hiyo mwaka huohuo akajenga na mtambo wa umeme wa maji kwenye mto wa Fall River. Wageni wanapandishwa mlima na magari yake mwenyewe ya mvuke. Mwaka 1915 serikali yao ikatangaza hifadhi ya taifa ya Rocky Mountain pale jirani, mji ndo ukawa wa watalii moja kwa moja. Alafu tarehe 15 Julai 1982 bwawa la juu mlimani linaitwa Lawn Lake likapasuka, maji yakashuka na mawe na magogo hadi katikati ya mji, watu watatu wakafa na ule mtambo wa Stanley ukapigwa ukanyamaza. Sasa unaona walichofanya, jengo la mtambo hawakulibomoa, wameligeuza makumbusho, mgeni anaingia anaona mashine zilezile na anasimuliwa hoteli, umeme na mafuriko akiwa amesimama palepale yalipotokea.

Lakini cha kuiga kwao mi naona sio hoteli wala mtambo. Mwaka 1914, kabla hifadhi haijatangazwa, chama cha wapanda milima cha Colorado kilitaka majina ya kuweka kwenye ramani. Wenyeji wa zamani wa ile milima ni Waarapaho na Wayuti, na Waarapaho walikuwa wameshaondolewa wakapelekwa mbali huko Wyoming. Basi wakafatwa wazee wawili wa Kiarapaho waliokuwa wanapajua tangu ujanani, pamoja na mkalimani, wakapandishwa farasi wakazungushwa milimani kama wiki mbili hivi, kila kilima kila bonde mzee anasema hapa tulipaita hivi, hapa tulikuwa tunawinda, hapa tulipigana, na kuna kijana kazi yake kuandika tu. Majina mengi yaliyoko kwenye ramani ya ile hifadhi mpaka leo yametoka kwenye ile safari. Kuna uchungu ndani yake, watu wameshatolewa kwao ndo wanaulizwa panaitwaje. Ila wangechelewa sana wale wazee wasingekuwepo na majina yangekwenda nao.

Nyie hamjatolewa, Mwalimu. Wazee wenu wako hapohapo barazani. Kwa hiyo siku ya kwanza ya makumbusho yenu isiwe ya kutafuta mabati, iwe ya kuchukua wazee wawili watatu mtembee nao ukingoni mwa uwanda, simu inarekodi, kila penye jina pasemwe jina na pasemwe aliyepaita. Muwaulize njia za maji, tena hapo mkae sana maana sidhani kama kuna habari ya Newala kubwa kuliko maji. Uwanda wa Makonde udongo wake unameza mvua yote, juu hapakai chemchemi, na kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950 mama zetu walikuwa wanateremka ule mteremko na mitungi wanapanda nayo kichwani. Waliteremkia wapi? Waliondoka saa ngapi, nani alikuwa anatangulia, walikuwa wanaimba nini, aliyevunja mtungi njiani alifanywaje? Hayo sijayaona yameandikwa mahali popote na kila msiba unapotokea hapo kwenu yanapungua.

Sasa ukiniuliza historia ya mji wenyewe ina nini cha kumwonesha mgeni, mbona imejaa. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walikuwa wameweka kituo Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliookolewa utumwani, mwaka 1882 Wangoni wakaivamia Masasi, ndipo padri Chauncy Maples akahamia kwenu Newala chini ya Matola, yule mkubwa wa Wayao, na urafiki wa hao wawili peke yake unatosha ukuta mmoja. Mwaka 1906, Maji Maji bado ina moshi, akaja Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, akakaa Newala, akawa anakusanya vinyago, zana, vyungu, anapiga picha, anachukua filamu na kurekodi nyimbo kwenye silinda za nta, ndo zilikuwa kanda za wakati ule. Ukisoma alichoandika utaona upepo wenu wa jioni ulimtesa kweli. Mwishoni mwa 1916, vita ya kwanza ya dunia, Wareno wakavuka Ruvuma wakaiteka Newala, Wajerumani wakawazingira wakawatoa kabla mwaka haujaisha. Mji wa baridi na mandhari nzuri umepiganiwa na Wazungu wa aina mbili, na vijana wa Newala wanaopiga selfi pale Shimo la Mungu hawajui kabisa! Siwalaumu, hakuna kibao.

Huyo Weule nataka mumuangalie kwa jicho mbili. Alikusanya sana, shukrani, bila yeye sauti za 1906 zingepotea, ila vitu vyenyewe vilikwenda Leipzig na kwenye maandishi yake anayejulikana vizuri ni yeye, wapagazi na waimbaji wengi ni vivuli tu. Nyie msirudie hilo. Kitu kikiingia kwenye chumba chenu kiingie na jina la mtu. Nunueni daftari kubwa la jalada gumu, kila kitu kipewe namba, kiandikwe ni nini, kimetengenezwa na nani, kimetumiwa na nani, kimetoka kitongoji gani, nani kakileta na tarehe, na palepale aliyeleta asaini kama ametoa moja kwa moja au ameazimisha. Msione aibu kumsainisha mtu mzima. Ugomvi wa makumbusho za vijijini karibu wote unaanzia hapo, mzee kaleta kiti cha babu yake kwa mdomo, mzee kafariki, watoto wanakuja kuchukua kiti na kamati inasema ni chetu, na daftari halina kitu.

Namba andika kwa penseli laini kwenye kikaratasi kilichofungwa na uzi wa pamba, usibandike selotepu, ile gundi inakula. Picha za zamani andika kwa penseli nyuma tena pembeni, sio kalamu ya wino, na kama kuna kijana ana simu nzuri azipige zote mrudishe za asili kwa wenyewe siku hiyohiyo, watu wanaogopa kutoa picha ya marehemu ikapotea na wana haki.

Na lebo ya ukutani, Mwalimu, hapo ndo ualimu wako unahitajika. Nimeingia vyumba vya maonesho nikakuta mtungi umeandikwa MTUNGI. Asante, nimeuona. Mgeni anataka kujua ulibeba maji kutoka bonde gani na uliishia kichwani kwa nani.

Kuna jambo moja la kuongea polepole, la jando na unyago. Najua mtapata vinyago vya mapiko, vile mchezaji anavyovaa kuficha uso kwenye ngoma, na vifaa vya kufundishia na mtashawishika kuvianika vyote maana wageni ndo wanavipenda. Lipiko kwa asili yake mama na mtoto ambaye hajaingia jandoni hakutakiwa kujua ndani kuna nani, na vya unyago vina wenyewe, makungwi wapo hai wanaendelea na kazi. Waiteni wakae kwenye kamati, wao ndo waseme kipi kionekane na kipi kibaki kabatini, na wakikataa basi imekataliwa hata kama mtalii kalipa. Wapo watakaosema dini zimeshapita hapo, lakini hata Askofu Vincent Lucas wa Masasi, aliyewekwa kuwa askofu 1926, aliona jando haliwezi kufutwa tu akajaribu kuliunganisha na Ukristo, hiyo nayo ni habari ya ukutani.

Kuhusu jengo sasa. Boma la Mikindani lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, likaja likaachwa likawa gofu, shirika la hisani la Uingereza likalikarabati na leo ni hoteli, mgeni analala mlemle kwenye historia. Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Arusha iko ndani ya boma la Wajerumani. Hawa wote wametumia nyumba iliyopo. Ghala lenu kama paa halivuji, mlango unafungwa na dirisha lina pazia la kuzuia jua lisipige vitu moja kwa moja, linatosha kuanzia. Sogezeni kila kitu kiinuke kutoka sakafuni na kiachane na ukuta, maana mchwa wa kwetu mnawajua. Mfadhili akija akute daftari limejaa na sauti za wazee zimehifadhiwa sehemu mbili tofauti, ataongea na nyie kwa adabu. Akikuta kamati yenye mchoro wa jengo tu atawachorea na yeye mchoro wake.

Ukipata nauli ya kwenda mbali kidogo nenda Songea uione Makumbusho ya Maji Maji, ya Newala na ya Songea yana undugu.

Swali: Anti mambo. Babu yangu alikuwa mchongaji, ametuachia kinyago kimoja cha zamani sana chenye nywele za kweli. Kuna jamaa anazunguka vijijini huku na gari anataka kukinunua laki mbili, anasema haraka anaondoka kesho. Mama anasema tuuze. Nauliza tu ni bei nzuri? — Dogo wa Kitangari

Jibu: Poa mwanangu. Anayekuambia haraka naondoka kesho ameshajua thamani yake kuliko wewe, mwache aondoke.

Nikusimulie kitu. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa pale Dar iliibiwa vitu kadhaa, kimojawapo kinyago cha lipiko cha Kimakonde. Kikapita mikononi mwa wauzaji, mwaka uliofata kikanunuliwa Paris na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva, na baadae ilipojulikana kwamba ndo kilekile cha wizi mazungumzo yakachukua miaka na miaka, kikarudi 2010. Kinyago kimoja! Chenye nyaraka, chenye makumbusho ya taifa nyuma yake, na bado robo karne. Chako hakina hata picha, kikishapanda gari la huyo jamaa hakuna mtu duniani atakayeweza kukisaidia.

Fanya hivi leo. Kipige picha mbele, nyuma, ndani na pembeni, weka rula karibu ukubwa uonekane, andika jina la babu, kijiji, nani alikivaa na kwenye ngoma gani kama mama anakumbuka. Mama yako simlaumu, laki mbili ni hela na msimu wa korosho bado mbali. Kama mtaamua kuuza ni mali yenu, ila ulizeni kwanza Makumbusho ya Taifa, na mjue kutoa vitu vya aina hiyo nje ya nchi kunataka kibali, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, huyo wa gari muulize chake kiko wapi uone kama hatakumbuka ghafla kwamba ana haraka zaidi. Na nywele usizioshe!

Swali: Shikamoo Anti Somoe, mimi ni mwanafunzi wa sekondari Lindi mjini. Mwalimu wa jiografia katuambia dinosaria mkubwa yuko Ujerumani na katoka kwetu. Darasa lilicheka. Ni kweli? Na kwa nini asirudishwe? — Mwanafunzi, Lindi

Jibu: Marahaba mama. Waliocheka waombe radhi kwa mwalimu.

Kilima kinaitwa Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi. Mhandisi wa madini Mjerumani, Sattler, alioneshwa mifupa kule mwaka 1906, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikaleta msafara ukachimba. Mkubwa wao amesimamishwa Berlin tangu 1937, urefu wa kwenda juu ni mita 13.27, anaitwa Giraffatitan. Kwa jumla walisafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake, na barabara hakuna, punda na ng'ombe hawawezi maana kuna mbung'o, kwa hiyo ni vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa msituni mpaka bandari ya Lindi, wakirudi wanaanza tena. Mamia ya watu, wengine na wake zao na watoto, kilimani pakawa kijiji. Na nchi imetoka kuchomwa kwenye vita ya Maji Maji, njaa imepita majuzi tu, mtu anakubali kazi ya mzigo kwa sababu nyumbani hamna kitu. Hilo kwenye vitabu vya Wazungu vya zamani linaandikwa kama vile watu walikuja kwa furaha ya sayansi.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mswahili, Boheti bin Amrani. Huyu ndo aliyekuwa na mkono wa kuutoa mfupa usivunjike, na mwaka 2007 kuna dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi la kumuenzi, Australodocus bohetii. Miaka karibu mia moja baadae, lakini lipo. Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza 1924, mkuu wao wa kwanza William Cutler akafa kwa malaria hapohapo Lindi mwaka 1925, na msaidizi wake kijana alikuwa Louis Leakey, yule aliyekuja kuwa maarufu na Olduvai.

Kurudishwa ni mazungumzo ya serikali na serikali na mi naona wana haki wanaodai. Ila Lindi kusimulia hii habari hakuhitaji ruhusa ya Berlin. Darasa lenu lianze na kazi moja: kila mtu aende nyumbani aulize kama kuna babu wa babu alibeba mzigo wa Tendaguru. Kwenye vijiji vya njia ile bado kuna watu wana jibu. Ukilipata niandikie, na jina liandike kamili.

Swali: Bi Somoe, vikapu na nyungo za mama mkwe zimeanza kutoa unga chini, ni wadudu. Nipulize dawa ya mbu? — Mke wa pili, Masasi

Jibu: Usipulize, utaacha rangi na harufu na wadudu wa ndani hawafi. Tia kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, funga kabisa, weka kwenye friza kali kwa wiki mbili. Inatakiwa iwe ile ya kufikia nyuzi 20 chini ya sifuri, ya muuza samaki ikifika hapo ni sawa. Ukitoa usifungue mfuko mpaka upate joto la kawaida, la sivyo unyevu utakaa kwenye kikapu. Ngoma yenye ngozi iliyovutwa usiweke, inaweza kupasuka. Na ukimaliza usipake vanishi, kuna mtu lazima atakushauri vanishi.

Swali: Anti, kwenye vitu vya marehemu baba tumekuta jino la tembo dogo kwenye sanduku. Tunataka kulipeleka kwa hao wanaotaka kuanzisha makumbusho, tusaidie mawasiliano. — Familia, Tandahimba

Jibu: Mwalimu wa Luchingu asilipokee, na nyie msilibebe kwenye basi. Jino la tembo ni nyara ya serikali, kukutwa nalo bila kibali ni kesi kubwa hata kama lilikuwa la marehemu. Nendeni na mwenyekiti wa kijiji mkaripoti ofisi ya wanyamapori ya wilaya mkiwa na mikono mitupu, waje walichukue wenyewe. Sanduku kama ni la zamani, hilo pelekeni Newala.